Injini Iliyoegeshwa Vizuri Mno

Mahabusu alikuwa ameketi palepale alipoachwa jana, kwenye benchi la saruji, mikono katikati ya magoti. Hakuwa amelala. Shangazi naye hakuwa amelala vya kutosha, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumcheka mwenzake.

Jina la Shangazi alipewa na wahalifu. Walisema mpelelezi huyu anakuhoji kama shangazi yako aliyesikia jambo lako huko nje na sasa anataka ulitoe mwenyewe: hapandishi sauti, haondoki, na mwishowe unaona heri useme tu akuache. Ofisini wakalidaka, na siku hizi hata mkuu wa kituo lilimponyoka mdomoni. Yeye hakulipenda wala hakulichukia. Alikuwa karibu kustaafu, na magoti yake yalishastaafu kabla yake.

"Shikamoo," mahabusu alisema bila kuinua uso.

"Marahaba. Umekula?"

"Sina hamu."

Akaketi kando yake na kunyoosha miguu. Kesho asubuhi mtu huyu angepandishwa kizimbani kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe. Alikuwa mchochea moto katika makumbusho ya reli, kwenye garimoshi la zamani ambalo mafundi wachache walikuwa wakilifufua, na garimoshi hilo lilikuwa limemsaga mkuu wao. Faili lilikuwa jembamba na safi. Hilo ndilo lililomkera Shangazi. Alishakutana na wengi waliokana walichokifanya, na wachache waliokiri wasichokifanya, lakini huyu hakukiri wala hakukana. Alisema hakumbuki, na alivyosema hivyo ndivyo alivyozidi kukonda.

"Nieleze tena," alisema. "Polepole. Mimi sina haraka na wewe huna pa kwenda."

Mchochea moto akaeleza tena. Siku ile injini ilikuwa imepandishwa mvuke kwa ajili ya ukaguzi. Mkaguzi alikuwa mkuu wao, fundi wa boila ambaye wote walimwita Daktari, kwa sababu alikuwa akigonga mabati ya boila kwa nyundo ndogo na kutega sikio. Asubuhi nzima aligonga na kusikiliza, kisha akashuka na kusema boila limechoka, moto uachwe ufe wenyewe. Watu wakatawanyika. Dereva mzee akaenda zake huku amenuna. Mchochea moto akabaki kuifunga injini, halafu akatoka na toroli kurudisha kuni zilizobaki kwenye banda la kuni, nyuma ya ofisi. Akiwa huko akasikia yowe.

"Nikarudi mbio. Injini ilikuwa imesogea. Daktari alikuwa chini yake, kwenye magurudumu ya nyuma. Sijui alirudi lini, sijui alirudi kufanya nini."

"Na injini ilisogezwa na nini?"

"Mkono wa kufungulia mvuke unavuja, kila mtu pale anajua. Hata ukiufunga kabisa, mvuke hupenya kidogo kidogo ukaingia kwenye silinda. Kama injini haikufungwa sawasawa, hujiondokea yenyewe. Na wa kuifunga nilikuwa mimi."

"Uliifunga?"

"Hapo ndipo panaponiponza, Shangazi. Kazi hii nimeifanya mara ngapi? Mikono inafanya, kichwa kiko kwingine. Nikijaribu kuikumbuka siku ile, naikumbuka siku nyingine."

"Kuifunga ndiyo kufanya nini hasa? Nionyeshe."

Alitaka kumweleza kwa maneno, lakini mikono ilimtangulia. Akakamata gurudumu lisilokuwepo mbele yake na kulizungusha kwa nguvu hadi mabega yakapanda: hiyo ilikuwa breki. Kisha mkono wa kulia ukavuta wenzo mrefu na kuukomesha katikati, mahali ambapo injini haitaki kwenda mbele wala nyuma. Mguu nao ukasukuma kitu sakafuni: koki za kutolea maji na mvuke kwenye silinda, ili kitakachopenya kitoke nje badala ya kusukuma magurudumu. Yote hayo aliyafanya akiwa anaangalia ukuta.

"Kila mtu wa reli hufanya hivyo?"

"Ukishafundishwa, huachi. Mimi nilifundishwa na baba mkwe, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwa makofi."

Baba mkwe ndiye yule dereva mzee. Alikuwa amekuja kumwona jana, na Shangazi ndiye aliyetoa ruhusa.

"Alikuambia nini?"

"Alinishika bega. Akasema kila mtu wa reli ana siku yake ya kusahau. Mzee wa watu, hata machozi yalimtoka."

Shangazi alisimama kwa kujisukuma na mikono yote miwili. Mlangoni, mahabusu akamwita.

"Kama nilisahau, nifungwe tu, sitalalamika. Lakini nataka nijue. Daktari alikuwa mtu wangu. Siwezi kuishi maisha yangu yote sijui kama ni mimi niliyemuua."

Shangazi hakupenda kutoa ahadi asizokuwa nazo mfukoni. Akamwambia ale chochote.

*

"Afande, faili limekamilika," Sajenti alisema akiwa kwenye usukani. Alikuwa kijana mwenye bidii na shati lililopigwa pasi hadi mistari ikasimama, na kila faili lililofungwa lilimpa furaha ya wazi. "Ana wajibu, hakuutimiza, mtu amekufa. Tunakwenda kutafuta nini?"

"Sijui. Endesha."

"Mkuu atauliza."

"Mwambie magoti yangu yalitaka kupunga upepo."

Makumbusho yalikuwa karakana ya zamani iliyopakwa chokaa upande wa mbele tu, ule unaoonwa na wageni. Ndani, chini ya paa la mabati lenye matundu, injini ilikuwa imezungukwa na utepe wa polisi. Wageni waliozoea magarimoshi ya picha wangeshangaa udogo wake. Reli yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu mzima angeweza kusimama na kukanyaga pande zote mbili bila kutanua miguu sana. Ililetwa zamani ndani ya masanduku, vipande vipande, pamoja na dada zake, na kazi yao ilikuwa kuteremsha magogo kutoka mlimani kupitia kona ambazo injini kubwa isingezithubutu. Misitu ilipokwisha, dada zake wakauzwa kuwa vyuma chakavu. Hii moja ilinusurika kwa sababu sakafu ya banda lake ilididimia na mnunuzi akachoka kuivuta. Madereva waliiita Bi Mdogo, na wake zao hawakulifurahia jina hilo hata siku moja, maana waume ndiko walikoshinda.

Shangazi alipita chini ya utepe. Magurudumu ya nyuma hakuyatazama kwa muda mrefu, alishayaona. Alitazama mbele. Milango mikubwa ya karakana ilikuwa wazi siku ile na hadi leo, na pua ya injini ilikuwa imeishia kwenye kizingiti. Mbele yake reli ilishuka taratibu uani hadi kwenye ukuta wa mwisho.

"Hii injini ilijiondoa yenyewe?" aliuliza.

"Ndivyo walivyosema, Afande."

"Ikafika mlangoni, penye mteremko, ikasita. Adabu nzuri sana."

Sajenti alikunja uso. Shangazi akashika vyuma vya ngazi, akavuta pumzi na kujikokota hadi kwenye kibanda cha dereva. Palinuka majivu na mafuta yaliyoganda. Hakujua kitu chochote kuhusu injini, na hakutaka kujua zaidi ya alichoonyeshwa asubuhi. Alitafuta gurudumu la breki. Alilijaribu kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, likagoma. Wenzo mrefu ulikuwa umesimama wima, katikati kabisa, kitasa chake kimeingia kwenye kitundu chake. Kanyagio la koki lilikuwa limesukumwa hadi mwisho.

Alikaa pale kwa muda, si kwa kufikiri sana, bali kwa sababu kulikuwa na kiti.

"Sajenti. Nani aliyepanda humu kabla yako?"

"Hakuna. Nilifika mapema, wote watatu walikuwa chini wamemzunguka marehemu. Nilipiga picha kutokea kwenye ngazi, nikazungusha utepe, nikakaa hapa hapa hadi nikapokewa. Na lindo limekuwepo tangu siku hiyo."

"Nionyeshe picha."

Akamnyooshea simu. Gurudumu, wenzo, kanyagio, kila kimoja kilikuwa vilevile kama sasa. Kwenye picha moja ya chini, mvuke mwembamba ulikuwa bado unafuka kwenye koki zilizo wazi.

"Wote watatu walisemaje kuhusu kupanda?"

"Dereva, msimamizi na mchochea moto. Kila mmoja alisema hakugusa kitu. Niliandika."

"Sasa nisaidie, mimi nimechoka. Injini iliyofungwa hivi inaweza kusogea?"

Sajenti aliangalia breki, akaangalia picha, akaangalia breki tena. Furaha ya faili lililofungwa ilianza kumtoka usoni, na Shangazi alimwonea huruma kidogo.

"Haiwezi," alisema. "Basi ilifungwa baada ya kusogea. Mchochea moto alirudi, akaona alichosahau, akapanda haraka akaifunga ili tuone hakusahau."

"Halafu akatuambia huenda alisahau? Mtu anaficha kosa halafu anakuja kukukabidhi?"

"Labda amechanganyikiwa."

"Labda. Tukamuulize msimamizi, alikuwa ofisini siku ile."

*

Msimamizi wa makumbusho aliwahi kuwa mwalimu wa historia, na bado alikuwa akiongea na watu kama vile wamekuja bila kufanya kazi ya nyumbani. Leo hakuongea hivyo. Alisimama walipoingia, akakaa, akasimama tena kuwapa viti. Siku ya kuizindua injini ilikuwa imeshatangazwa. Mabango yalikuwa yameegemezwa ukutani, Bi Mdogo akifuka moshi mweupe uliochorwa vizuri kuliko ule wa kweli.

"Ulisema siku ile ulikuwa humu."

"Humu humu. Nilisikia yowe nikatoka."

"Ulipolisikia, ulikuwa unatazama wapi?"

Alionyesha dirisha. Lilitazama nyuma, kwenye banda la kuni. "Nilikuwa namwona mchochea moto akipakua toroli. Alilitupa akakimbia, nami nikakimbia nyuma yake. Tulipoingia, dereva alikuwa pale tayari, amepiga magoti. Mkwewe naye akapiga magoti. Tukamvuta Daktari."

"Kuna aliyepanda juu?"

"Nani angepanda? Tulikuwa na mtu anakata roho mikononi."

Sajenti alikohoa. Shangazi akajua amelipata jibu lake na hakuona haja ya kulirudia. Yeye macho yake yalikuwa yamekwama nyuma ya mlango, kwenye koti la kazi la kaki lililotundikwa hapo, mabega meusi kwa masizi. Msimamizi alikuwa mwembamba. Koti lile lingemtosha yeye na mwenzake.

"Daktari aliingia ofisini siku ile?"

"Hapana."

"Hata baada ya ukaguzi?"

"Nimesema hapana. Nilisikia habari za boila kwa dereva, alipopita hapo nje akitukana."

"Na lile koti ni lako?"

Msimamizi aligeuka kulitazama. Kwa muda mrefu hakugeuka tena upande wao. Shingo yake ilikuwa imeloa jasho, na Sajenti, ambaye hapendi kupoteza mshukiwa bila kupata mwingine, alisogeza kiti mbele.

"Ulikuwa na ugomvi naye," Sajenti alisema. "Amekuharibia uzinduzi. Umealika wakubwa."

"Sikugombana naye. Nilimpigia magoti." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alikuja hapa, akavua koti, akakaa hapo ulipokaa wewe aandike kwamba injini isiwashwe tena, iwekwe tu ukumbini ipakwe rangi. Nikamwambia, yule mzee ameisubiri injini hii tangu nywele zake ni nyeusi. Mpe msimu mmoja tu. Hata siku moja. Akasema boila halijui huruma. Nikazidi kumsihi. Mwishowe akaweka kalamu chini, akasema, 'Ngoja nikaangalie tena springi za nyuma na mabati ya chini. Nikipata pa kushika, nitampa.' Akatoka. Koti akaliacha kwa sababu alitaka kutambaa."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Kwamba nilimtuma?" Akafuta uso kwa kiganja. "Kila nikilitoa lile koti nimpelekee mjane wake, nashindwa kufika mlangoni."

Shangazi aliamini. Alikuwa ameona uongo mwingi, na huu ulikuwa wa yule mtu anayeficha aibu, si anayeficha hatia. Hata hivyo aliuliza, kwa kuwa ndiyo kazi.

"Unajua kuendesha ile injini?"

"Mimi? Najua ilijengwa lini na ilivuta nini. Hata yale mabomba madogo kule chini yanayotema maji niliwahi kudhani yametoboka, nikamwita Daktari aje ayazibe. Walinicheka mwaka mzima."

Nje, Sajenti alitembea hadi kwenye kona. "Anabaki mmoja," alisema.

"Anabaki mmoja," Shangazi alikubali, na hakukuwa na ushindi wowote katika sauti yake.

*

Dereva mzee alikuwa ameketi kwenye kasha la mbao nje ya karakana, upande wenye kivuli, anasugua taa ya shaba ya injini kwa kitambaa. Walinzi walisema anakuja kila siku, hasogelei utepe, anasugua taa ile ile. Ilikuwa inang'aa hadi inaumiza macho.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama. Mkwe wangu anaendeleaje?"

"Hali chakula. Halali." Shangazi akatafuta pa kukaa, akapata jiwe. "Wewe ulifika wa kwanza siku ile."

"Wa kwanza. Nilikuwa bombani nanawa. Nikasikia yowe."

"Na hukupanda juu."

"Sikugusa kitu. Nilimwambia kijana wako."

"Injini ikijiondoa yenyewe, mzee wangu, nani huisimamisha?"

Kitambaa kiliendelea kuzunguka. "Mvuke ukiisha nguvu inasimama."

"Sawa. Na ikishasimama, nani huiwekea wenzo katikati?"

Kitambaa kikapunguza mwendo.

"Nani huikazia breki? Mimi nimeijaribu kwa mikono miwili imenishinda. Na nani hufungua koki zake?"

Mzee aliacha kusugua. Aliiweka taa chini kwa uangalifu, akaitazama mikono yake mbele na nyuma, kama inayomwonyesha kitu kwa mara ya kwanza. Shangazi hakumsukuma. Alikuwa amejifunza kwamba katika dakika kama hii mpelelezi hana kazi zaidi ya kukaa.

"Ungesema ulirukia juu ukaisimamisha, ningekuamini," alimwambia baadaye. "Ningekushika mkono. Kwa nini hukusema?"

"Sikujua kama nimefanya hivyo." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nilisikia yowe nikafunga mvuke, nikashuka. Ndivyo ninavyokumbuka mimi. Hayo mengine... Mama, nimeegesha injini tangu ujana wangu. Hata nikiwa na homa, hata nikiwa na msiba. Haya mengine mikono ilifanya."

"Ulipanda kufanya nini?"

"Alisema asubuhi kwamba basi. Kwamba Bi Mdogo atapakwa rangi awekwe ukumbini, watoto wampande wapige picha. Tukatukanana mbele ya watu. Wakaondoka wote. Mvuke ulikuwa bado upo, ukiisha ndiyo umekwisha milele. Nikasema nitamtoa uani mara moja tu, alione jua, kisha nimrudishe." Akameza mate. "Kila niliyemfundisha nilimfundisha kuinama. Kabla hujagusa mkono wa mvuke, shuka, inama, angalia chini ya magurudumu. Niliwapiga makofi wasioinama. Siku ile sikuinama. Nilikuwa na hasira."

Sajenti alikuwa ametoa kalamu. Shangazi akamwashiria asubiri.

"Nikuulize na mimi," mzee alisema. "Alikuwa anafanya nini kule chini? Alishamaliza. Alishasema basi. Nimeuliza usiku na mchana, kwa nini alirudi?"

Shangazi angeweza kusema hajui. Alitamani sana kusema hajui. Lakini mtu huyu angelisikia mahakamani, mbele ya watu, kwa mdomo wa msimamizi, na hilo lingekuwa baya zaidi.

"Aliombwa aangalie tena. Alikuwa anatafuta pa kushika, akupe msimu mmoja."

Mzee alifunika uso kwa kile kitambaa cha mafuta. Hakulia kwa sauti. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yanakwenda, na Sajenti akageuka kutazama ukuta. Shangazi alisubiri hadi mabega yakatulia, kwa sababu lilibaki swali moja, na swali hilo halikuwa la faili.

"Ulipopanda, ulikuta breki imekazwa au imelegea?"

Kitambaa hakikutoka usoni.

"Mzee wangu."

"Imekazwa." Alisema akiwa bado amejifunika. "Wenzo katikati, koki wazi, kila kitu mahali pake. Breki aliikaza hadi nikamlaani. Ilibidi nisimame ndipo niifungue."

"Na jana ukaenda ukamshika bega."

"Yeye kijana. Uzembe watamfunga kidogo, atatoka. Mimi niliyemtukana marehemu asubuhi ile, nani angeamini sikumwona? Wangesema nimeua. Ningefia ndani."

"Ni mume wa binti yako."

"Najua ni nani. Unadhani yale machozi yalikuwa ya bure?"

Shangazi alinyanyuka. Goti la kushoto likalia, naye akalingoja linyooke. Akamwambia Sajenti asimfunge pingu, ampe mkono tu mzee ashuke kwenye kasha.

*

Kituoni mambo yalikwenda kama yanavyokwenda: maelezo yakachukuliwa, mkuu akauliza kwa nini faili safi limechafuka, Shangazi akajibu kwa vichwa vya habari. Jioni ilikuwa inaingia alipokwenda mahabusu. Sajenti alimfuata akiwa na viatu vya mchochea moto mkono mmoja na mkanda mkono wa pili, uso wake mzito.

Kufuli likafunguliwa. Mchochea moto akasimama.

"Hukusahau," Shangazi alimwambia hapo hapo, asije akamngojesha. "Breki uliikaza. Wenzo uliuweka katikati. Koki ulizifungua. Aliyekuja kuifungua baada yako amesema mwenyewe kwamba ulifunga kila kitu."

"Sikusahau?"

"Hukusahau."

Alirudia neno hilo bila sauti, midomo tu. Uso wake, uliokuwa umekazwa siku zote hizi, ulilegea hadi akaonekana mdogo kuliko umri wake, na kwa muda mfupi Shangazi aliona mtu ambaye mkewe na marafiki zake walikuwa wanamjua. Alifurahi kuwa amemwona. Alijua hatakaa.

"Nani?" mchochea moto aliuliza.

Tangu kwenye gari alikuwa akitafuta namna ya kulisema jambo hili, na hakuna namna aliyoipata.

"Baba mkwe wako. Hakukusudia. Hakujua Daktari yuko chini."

Mchochea moto aliketi tena kwenye benchi, polepole. Hakuuliza kama kuna uhakika. Alikuwa mtu wa reli, na pengine mikono yake ilishalijua jambo lile kabla yake.

"Lakini alikuja hapa jana," alisema.

"Alikuja."

"Akaniambia..."

"Najua alichokuambia."

Sajenti aliviweka viatu sakafuni, vimepangwa sawasawa, vidole mbele. "Uko huru," alisema kwa upole usio wa kawaida yake. "Mlango uko wazi. Mkeo yuko kule mbele, amekuja kukuchukua."

"Anajua?"

"Bado," Shangazi alisema. "Ameambiwa tu kwamba unatoka. Amefurahi. Anaongea na kila mtu."

Hapo walisikia kwa mbali, kutoka upande wa mapokezi, sauti ya mwanamke ikimshukuru askari wa zamu kwa jambo ambalo askari huyo hakulifanya. Mchochea moto aliisikiliza. Akavitazama viatu vyake na hakunyoosha mguu.

"Naomba nikae humu kidogo," alisema.

Sajenti alimtazama Shangazi. Hakuna kanuni yoyote inayoruhusu mtu huru kukaa mahabusu, na wote wawili walilijua hilo.

"Kaa," Shangazi alisema. Kisha akamgeukia Sajenti. "Nenda kanitafutie kiti chenye egemeo, umpelekee. Asikae kwenye lile benchi." Akajifunga vizuri koti lake, akavuta pumzi, na kuanza kutembea kuelekea kwenye ile sauti.